Bastola Iliyomwita Karanga

Jumanne asubuhi, akitoka kununua unga na maziwa mgando, Glenda Mabry aliingia kwenye duka la silaha la Beecham, lililobanwa kati ya kinyozi na muuza chambo cha samaki. Aliweka pochi yake juu ya kabati la kioo, akavua pete ya ndoa iliyokuwa ikimbana, akasema anataka bastola. Ya kwanza, akaongeza, kana kwamba ziko nyingine zitakazofuata.

Lyle Beecham, mwenye duka, alimuuliza anaandika kwa mkono gani, kama ana baridi yabisi, na kama silaha itakaa nyumbani au itatembea kwenye pochi. Alimweleza kuwa bastola ni kama kiatu, isipokukaa dukani haitakukaa popote. Watu hukimbilia ndogo kwa kuwa ni nyepesi, alisema, na ndogo ndiyo inayorusha mkono vibaya zaidi.

Glenda alimwambia ni mjane, anaishi peke yake, na mtaani kwao yupo mtu anayejaribu milango. Hilo la mwisho lilikuwa nusu kweli. Kamera ya mlango wa jirani ilimnasa kijana mwenye kofia akigonga nyumba hadi nyumba, video ikasambaa kwenye simu za mtaa mzima, na ilipokuja kujulikana kuwa kijana alikuwa akiuza dawa ya mchwa, wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuogopa na hawakuona sababu ya kurudi nyuma.

Lyle akampa ndogo ya kwanza, kusudi aone ubaya wake. Ilipotulia kiganjani ikasema, kwa sauti ya mtu anayesafisha koo, "Harold."

"Harold ndiye nani?" aliuliza Lyle.

"Mume wangu. Alifariki mwaka juzi, moyo."

"Basi hii imekaa sana kabatini," alisema Lyle, akaipokea na kuifuta alama za vidole. "Samahani, bibie."

Katika wilaya ile bastola zote husema. Ikikaa mara ya kwanza katika mkono wa mtu atakayeimiliki, hutaja jina la yule itakayempiga, na baada ya hapo hulirudia kila mwenye jina akikaribia. Wazee hawakumbuki wakati ambapo haikuwa hivyo. Kabla ya kuruhusiwa kuuza, wenye maduka hufundishwa kuitikia kwa upole jina lolote litakalotajwa, kisha kurudi kwenye mazungumzo ya bei.

Ya pili ilikuwa ya silinda, imara, haina mambo mengi, ila kifyatulio chake kilikuwa kizito kwa vidole vya Glenda. Ilisema, "Glenda."

"Hiyo hatuichukui," alisema Lyle haraka, akageuza uso kidogo, kama muuza viatu aliyeona soksi ya mteja imetoboka. "Usihuzunike, Bi Glenda. Wengi hutajiwa majina yao wenyewe. Wanaume hasa. Wapo wanaonunua hivyo hivyo."

Ya tatu ilimkaa vizuri kupita zote. Kifuniko cha juu kilivutika nyuma bila kumuumiza, mpini ukajaa kiganjani. Glenda akasubiri. Haikusema kitu. Lyle akaitegea sikio, akaitikisa, akaitegea tena.

"Mbovu," alisema. "Kila shehena kiwanda kinatuchanganyia mbili tatu za namna hii. Nitazirudisha."

Glenda akasema yeye ameipenda.

"Bi Glenda, bastola isiyo na mtu ni chuma tu. Siku ya siku itakuaibisha."

Glenda hakuwahi katika maisha yake kununua kopo la nyanya lililobonyea, hata lilipouzwa nusu bei. Akairudisha juu ya kioo.

Ya nne ilikuwa ya saizi ya kati, nyeusi, na haikuwa na kasoro. Ilipofika mkononi ikasema, "Karanga."

Lyle akangoja aambiwe. Glenda alitazama nje, kwenye gari lake, ambamo maziwa yalikuwa yakipata joto.

"Ni mbwa," alisema.

"Mbwa hawahesabiwi," alisema Lyle, uso ukamchangamka. Akampongeza kwa kuchagua vizuri, akapiga simu ya kuulizia kama mteja ana kosa lolote serikalini, akajibiwa hana, akamfungia bastola, risasi, na sefu ndogo ya kufunguka kwa alama ya kidole.

Glenda hakuwa na mbwa. Karanga alikuwa bintiye. Corinne Mabry alizaliwa kabla ya siku zake, akalazwa kwenye kisanduku cha joto hospitalini, na baba yake alipomwona kupitia kioo alisema huyu si mtoto, huyu ni karanga kwenye ganda lake. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, mabega mapana, akifanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, kuwageuza na kuwainua. Tangu alipoanza kuota chunusi alikuwa ameomba lile jina lisitajwe mbele za watu. Glenda alimheshimu. Lilibaki jina la jikoni, la wawili tu.

Kila siku kabla ya jua kuchomoza, akitoka kazini, Corinne alipita kwa mama yake kabla ya kwenda kulala kwake. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa ufunguo wake, bila kubisha na bila kuwasha taa, akiwa na viatu mkononi ili asimwamshe. Alijitengenezea kahawa, akapasha mikate laini ya maziwa mgando na mchuzi mweupe wa soseji, na Glenda alipoamka kwa harufu alimkuta mezani. Walikula pamoja. Kwa wote wawili hicho ndicho kilichokuwa chakula chao cha maana.

Siku ile ile Glenda akaigeukia nyumba. Jirani yake Dwight Sorrell alikuja na mashine ya kutobolea, akang'oa misumari midogo iliyoshika bamba la kitasa cha nyuma na kutia mirefu ya inchi tatu, ipenye hadi kwenye nguzo za ukuta. Alikata mpini wa ufagio na kuulaza kwenye reli ya mlango wa kioo ili usisukumike. Alifunga taa zinazowaka zenyewe mtu akipita, akamwaga changarawe nyuma ya nyumba ili hatua zisikike, akapanda vichaka vya miiba chini ya madirisha.

Dwight alikuwa na muda. Aliishi katika gereji ya nyumba yake mwenyewe, tangu mkewe Nadine aliponunua bastola na ikasema "Dwight." Alikuwa na friji yake humo, runinga, na kitanda cha kukunja. Nadine alimpelekea chakula hadi mlangoni, akakiweka chini, akarudi ndani. Walikuwa wameoana tangu enzi za nywele ndefu, na hawakuwa na ugomvi.

Glenda alimuuliza kama hachoki.

"Nichoke nini? Wanaume wengine wanaishi miaka arobaini hawajui nani atawamaliza," alisema Dwight, akipuliza vumbi la mbao kwenye tundu. "Mimi namjua, na ananipikia maharage. Wewe yako imesemaje?"

"Mbwa."

Dwight akaitazama ile nyumba isiyo na mbwa, akatazama changarawe, akakunja waya wa mashine yake. "Mbwa mwenyewe anaingilia mlango gani?" aliuliza, kisha akasema miiba inahitaji maji mengi mwanzoni.

Kesho yake gari la Corinne lilipoingia uani, bastola ilisema jina ikiwa ndani ya sefu, kwenye droo ya kando ya kitanda. Glenda alifungua macho. Akasikia changarawe. Akaona taa ya nyuma ikiwaka na kuchora kivuli kipana kwenye pazia. Ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka, mtu asiye na viatu akaingia jikoni mwake gizani. Bastola ikasema tena, kwa sauti ya juu kidogo. Glenda alijikuta ameketi, kidole chake kikiwa juu ya kioo cha sefu, na sefu ikiwa wazi.

Alikaa hivyo mpaka aliposikia kijiko kikigonga kikombe.

Alipokwenda jikoni, Corinne alikuwa hajaanza kula.

"Nani ananiita huko chumbani?" aliuliza.

Glenda akachota mchuzi.

"Mama. Hilo jina unalijua wewe na marehemu baba tu. Na sauti hiyo si ya kwako."

Glenda akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio: kijana mwenye kofia, baridi yabisi, ile ndogo, ile ya silinda, ile mbovu. Corinne alisikiliza kama alivyowasikiliza wazee wake kazini wakimweleza wanavyotaka kuzikwa. Kisha akauliza kwa nini hakuichukua ile iliyonyamaza.

"Ilikuwa mbovu, mwanangu. Mwenye duka mwenyewe kasema."

"Basi irudishe hii."

"Na mtu akiingia?"

"Anayeingia ni mimi, Mama. Kila siku. Hakuna mwingine anayeingia humu, ni mimi tu."

Glenda alisema ndiyo, mpaka leo. Alisema wajane wawili wa kanisani wamenunua na sasa wanalala usingizi. Corinne akamuuliza yeye amelalaje leo. Glenda akasema mchuzi unapoa.

Walikula. Bastola ilikuwa imenyamaza, kwa kuwa mwenye jina alikuwa amekwisha fika. Corinne aliosha sahani yake, akaifuta, akaipanga kabatini, kisha akachomoa ufunguo wa mlango wa nyuma kwenye shada la funguo zake. Ulikuwa mgumu kutoka. Ilimbidi atumie jino. Akauweka mezani.

"Usinipikie kesho," alisema.

Glenda alimpikia. Alitoka na sahani iliyofunikwa karatasi ya fedha, akaipeleka hadi kwenye gari, na Corinne, aliyekuwa ameegesha barabarani, akashusha kioo na kuipokea. Kwa umbali ule bastola haikusema. Walipima pamoja, siku chache, wakisogeza gari kidogo kidogo, mpaka wakajua mpaka wake: sanduku la barua. Hapo Corinne aliegesha kila siku. Mama yake alisimama kando ya gari amevaa koti juu ya nguo ya kulalia, wakazungumza habari za wazee, nani amekataa kuoga, nani amemwita kwa jina la mkewe aliyekufa. Baridi ilipozidi, Glenda aliingia kiti cha mbele na wakala wote wawili, sahani mapajani, vioo vikiwa na ukungu.

Ilipofika Sikukuu ya Shukrani ilionekana kuwa hawako peke yao. Mtaa ule ulikuwa umenunua vizuri mwaka huo. Mchana, familia zilitoa mabata mzinga yao nje. Waliotajwa walikaa kwenye magari, kwenye viti vya kukunja vya uwanjani, kwenye mahema yaliyofungwa kwenye miti ya wenye nyumba, na ambao hawakutajwa waliwafuata huko, kwa kuwa hakuna anayependa kula sikukuu bila watu wake. Dwight aliketi mlangoni mwa gereji na leso shingoni, Nadine amekaa mbali naye kiasi cha kurushiana mkate, wakarushiana mkate. Mchungaji alipita na kubariki meza zote kwa mkupuo akiwa katikati ya barabara. Corinne alifungua mlango wa nyuma wa gari ukawa meza. Palikuwa na viazi vitamu, maharage mabichi ya kuoka, mkate wa mahindi, pai ya boga. Watu walipiga honi walipotaka kuongezewa.

Wakati mtaa mzima uko nje ukila, mwizi alipita ndani.

Alikuja kwa upande wa nyuma, kupitia uwanja wa shule. Kamera zote zilimwona. Mtu mwembamba, wa makamo, mwenye mfuko wa turubai, aliyepangusa viatu kabla ya kuingia kila nyumba. Milango ya nyuma ilikuwa wazi kwa ajili ya kupitisha vyakula. Hakugusa runinga wala vito. Alichukua bastola, na kwa wale waliokuwa na sefu alichukua pamoja na sefu. Katika video ya nyumbani kwa Glenda anaonekana akitoka na mfuko uliojaa, na mfuko unasikika ukitaja majina mengi kwa pamoja, kama darasa linapoitikia mahudhurio. Yeye anausukuma begani na kwenda zake.

Askari alikuja, akatazama video, akakubali kipande cha pai. Alisema kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, huyu ndiye mwizi wa kwanza wa nyumba kumwona mtaani humo. Alisema pia kuwa vitu hivyo vitauzwa mjini na kutaja majina mapya huko.

Jioni ile Dwight alikunja kitanda chake. Mahema yakashuka. Corinne, ambaye hakuwa na zamu, alivuka sanduku la barua, akavuka changarawe, taa zikamwakia zote, akaingia kwa mlango wa nyuma na kusimama jikoni kama mtu anayesikilizia. Hakuna kilichomwita. Akamwita mama yake yeye mwenyewe.

Alilala katika chumba chake cha zamani. Aliomba likizo ya wiki kazini, akapewa. Walikula mezani asubuhi, mchana na jioni. Corinne alimsugua mama yake vidole kwa mafuta kama anavyowasugua wazee, na Glenda, mikono ikiwa mikononi mwa bintiye, alimwita Karanga kila alipotaka, na Corinne hakukataza. Kutoka nyumba ya pili walimsikia Dwight akicheka usingizini.

Lakini Glenda alikuwa halali. Mtu alikuwa ameingia kweli. Alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, amefungua droo yake. Alisema hivyo asubuhi, akasema mchana, na Corinne alimjibu kwa subira kuwa mtu huyo alifuata bastola, na bastola haipo, kwa hiyo hana cha kurudia. Glenda akasema hilo yeye mwizi halijui. Alimwita fundi, akaweka vizuizi vya chuma kwenye madirisha yote ili yafunguke kiasi cha kiganja tu. Akaongeza kitasa cha pili mlangoni. Bado alisikia mfuko wa turubai ukipumua ukumbini.

"Mimi si nipo?" alisema Corinne. "Nipo hapa. Nalala ukuta kwa ukuta na wewe. Unataka nini zaidi?"

"Wewe utarudi kazini."

"Naweza nisirudi usiku. Naweza kuomba zamu ya mchana. Niambie tu nikae, Mama."

Glenda alimtazama bintiye, mabega yale, mikono ile iliyozoea kuinua watu wazito. Alifikiri kwa muda mrefu na kwa haki kabisa. Kisha akasema hawezi kumfanya mtoto wake awe mlinzi, si kazi ya mtoto, na akaenda kutafuta funguo za gari.

Kwa Beecham kulikuwa na foleni hadi kwa kinyozi. Glenda aliwakuta watu wa mtaa wake karibu wote, wakiulizana habari za mabaki ya bata mzinga. Nadine alikuwa mbele yake. Alitoka na mfuko, akamshika Glenda kiwiko, akasema ni yule yule, na Glenda akasema pole, na Nadine akasema hapana, ni afadhali, angalau gereji haijaingia baridi bado. Zamu yake ilipofika, Lyle hakumuuliza maswali. Alijua mkono wake. Akampa nyingine ya saizi ya kati, ikasema ilichosema, na Lyle akamuuliza mbwa hajambo.

"Hajambo," alisema Glenda.

Aliporudi, Corinne alikuwa ameshapika. Meza ilikuwa na sahani mbili, mikate ikiwa kwenye kitambaa, mchuzi ukichemka taratibu jikoni. Glenda alisimama mlangoni na mfuko wa karatasi mikononi. Mfuko ukasema jina.

Corinne akazima jiko. Uso wake haukubadilika sana. Ulikuwa uso wake wa kazini. Alivaa koti, akachukua sahani yake, akatia mikate miwili, akapita ubavuni mwa mama yake aliyemshikia mlango. Changarawe ikalia chini yake, taa zikamwakia moja baada ya nyingine, zikazimika. Akaingia kwenye gari, akalirudisha nyuma hadi kwenye sanduku la barua.

Glenda alipeleka mfuko chumbani, akafunga kitasa cha juu, akafunga cha chini. Alikuwa ameketi na amekwisha sali aliposikia honi, mara moja, fupi. Corinne alikuwa amesahau kuchota mchuzi. Alikuwa ameshuka, anakuja na sahani kuelekea dirisha la jikoni, na chumbani jina lilikuwa limeanza kutajwa, kila hatua kwa nguvu zaidi.

Kufungua vile vitasa viwili kungechukua muda. Glenda alijaza bakuli, akaliinua hadi dirishani, akasukuma kioo kikagota kwenye kizuizi. Bakuli halikupita. Alilijaribu kwa ubavu, mchuzi ukamwagikia miiba. Akarudi mezani, akaumimina kwenye kikombe cha kahawa, na kikombe kikapita.

"Ukimaliza kiache kwenye sanduku la barua," alisema.